Jina Chini ya Reino

Haya yalimkuta jirani yetu Verna Kangas, mjane wa Reino, huku kaskazini mwa Michigan, na sitawaapia kwa lolote ila kwa lile nililoliona mwenyewe mwishoni.

Ilikuwa Jumamosi ya Februari, mchana mweupe usio na upepo. Verna alikuwa amekanda mkate wa iliki na kuutia kwenye oveni, na kijana wake Kalle alikuwa mlangoni akifunga buti, ndoo ya uvuvi miguuni. Kalle ni mwanawe pekee. Tangu Reino azikwe msimu wa majani kuanguka, mama huyo alikuwa anamwangalia mtoto wake kwa namna ya mtu aliyebakiwa na kiberiti cha njiti moja.

"Barafu umeipima?" aliuliza.

"Mama, malori yanapita juu yake. Mimi na ndoo yangu ndio tutaizamisha?"

"Baba yako alikuwa anaipima."

"Baba alikuwa anapima hata supu." Akambusu kipaji cha uso, akaahidi samaki wa jioni, akateremkia ziwani kwenye kibanda chao cha kuvulia, kilichosimama juu ya barafu.

Mezani alikuwepo Wendell, mdogo wa marehemu Reino, amejikunja mbele ya kompyuta mpya ya kupakata. Verna alikuwa amemsumbua majuma kwa majuma juu ya jambo moja tu. Reino, mhariri wa gazeti la mji, alikuwa hajui kufikiri bila programu yake ya enzi za kompyuta za DOS, ile ya kupanga mambo kwa vichwa na vijisehemu, kila kijisehemu kikiwa chini ya kichwa chake. Habari zake aliziandikia humo. Bustani aliipangia humo. Ukoo mzima wa Kangas aliuweka humo, katika faili moja lenye vichwa viwili vikubwa: Waliopo na Waliolala.

Akifa mtu wa ukoo, Reino alikuwa akirudi kutoka makaburini, hata koti hajalivua, hata kahawa hajaigusa, anakaa na kulihamisha jina kutoka juu kwenda chini. Kwake mazishi yalikuwa hayajaisha mpaka hapo. Na sasa yeye mwenyewe alikuwa amelala udongoni, jina lake bado liko juu, kwa sababu kompyuta yake kuukuu ilikufa siku chache baada yake. Jambo hilo lilimnyima Verna usingizi. Alihisi amemwacha mumewe nje mlangoni.

"Imekubali!" Wendell alisema. "Nimetia programu ndogo inayoidanganya mashine hii ijione ya zamani. Tazama, shemeji."

Skrini ikawa nyeusi, maandishi meupe. Verna akaziba mdomo. Ilikuwa kama kusikia kikohozi cha Reino chumba cha pili. Chini ya Waliopo, jina lake hili hapa, na ubavuni mwake alama ya kujumlisha.

"Hiyo alama ni ya nini?"

"Kuna kitu kimefichwa chini yake. Unabonyeza ile jumlisha ya kijivu ya pembeni, kinafunguka." Wendell akapapasa kibodi, akacheka kwa aibu. "Ila laptop hii haina zile namba za pembeni, na hii jumlisha ya kawaida haiitambui. Nina kibodi ya zamani gereji. Naifuata."

"Na kuhamisha?"

"Kuhamisha kunawezekana, vitufe vya juu vipo. Lakini nisubiri, shemeji. Usiguse."

Wendell akaondoka. Verna alikaa peke yake na jina lile. Alisubiri kidogo. Kisha akafanya alichokuwa amekitamani miezi yote: akalishika jina la Reino, akalishusha kwa Waliolala, akahifadhi. Akalia, lakini kilio chepesi, cha mtu aliyetua mzigo. Akaenda kuutoa mkate.

Aliporudi, Reino alikuwa juu.

Akadhani hakuhifadhi. Akamshusha tena. Akahifadhi tena, akiwa ameikazia macho skrini. Akageuka kuchukua kitambaa cha kufunikia mkate, akageukia skrini.

Reino alikuwa juu.

"Mpenzi wangu," Verna alinong'ona, "imetosha. Pumzika."

Akamshusha mara ya tatu, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi na kukishikilia hivyo hivyo, kama mtu anayezuia mlango unaosukumwa kutoka ndani. Kidole kilimuuma. Jina lilitetemeka mahali pake. Kisha likatulia. Nyumba nzima ikatulia. Jikoni, pamoja na joto la mkate, paliingia harufu ya maji ya ziwa.

Wendell alirudi na kibodi chini ya kwapa, theluji mabegani. Aliangalia skrini, akamwangalia Verna.

"Umeshamhamisha?"

"Alikuwa anarudi. Mara mbili amerudi, Wendell."

Wendell hakucheka. Alichomeka kibodi. "Shemeji, unajua ukihamisha kichwa kinaondoka na vyote vilivyo chini yake?"

"Vipi vilivyo chini yake?"

"Kaka alikuwa anaandika watoto chini ya baba yao."

Akabonyeza jumlisha ya kijivu. Mstari mmoja ukafunguka chini ya Reino, ndani ya Waliolala.

Kalle.

Ndipo Verna alipoelewa. Mumewe hakuwa anakataa kufa. Alikuwa anakataa kuondoka na mtoto. Alimrudisha mara mbili, na mara ya tatu yeye, mama mtu, akamsukuma kwa kidole chake.

Akampigia Kalle simu. Iliita. Iliita. Haikupokelewa.

"Mtoe!" alinong'ona. "Mtoe, mtoe."

"Subiri nikumbuke kitufe..."

Hakusubiri. Akamsukuma shemeji yake, akaliwekea jina alama, akabonyeza, akapanda mpaka Waliopo, akabonyeza tena. Kalle akatokea juu, mstari wa kwanza kabisa. Verna akahifadhi.

Mlango ukafunguliwa.

"Samaki leo wamegoma," Kalle alisema.

Verna alimrukia. Alimshika uso, masikio, mabega, akimwita majina ya utotoni, akicheka na kulia kwa pamoja. Kijana alikuwa baridi sana. Lakini nani asiyekuwa baridi Februari? Alivua buti, akaketi, akajikatia mkate. Alisema una harufu nzuri. Hakuutia mdomoni.

"Shemeji." Sauti ya Wendell haikuwa na nguvu. "Njoo hapa."

Ubavuni mwa jina la Reino, chini, alama ya kujumlisha ilikuwa bado ipo. Wendell akaifungua.

Kalle.

Na juu, Kalle.

"Ulibonyeza kipi?"

"Cha kuhamisha. Hiki."

"Hicho ni cha kunakili," Wendell alinong'ona.

Waliyakodolea macho majina mawili. Nyuma yao kisu kilikuwa kinakata mkate. Kipande. Kipande. Kipande.

"Futa mmoja," Verna alisema.

"Yupi?"

Wendell akasogeza kidole. "Huyu wa chini. Tufute huyu wa chini, yaishe."

"Na kama huyo ndiye niliyemzaa?"

Simu ikaita. Ilikuwa ya polisi wa kaunti. Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu aliyezoea kazi hiyo. Barafu ilikuwa imepasuka kwenye kibanda cha Kangas. Wamemtoa mtu. Koti ni la bluu, mfukoni mna leseni ya uvuvi. Wanasikitika sana. Je, mama anaweza kuja?

Verna aliigeukia meza. Koti la bluu lilikuwa limetundikwa kwenye kiti, linadondoka maji. Kalle alikuwa anamwangalia, kisu mkononi, mkate wote umeshakatwa.

"Waambie wamekosea namba, mama," alisema.

Naye akawaambia.

Huku kwetu ardhi huwa jiwe mpaka majira ya kuchipua, kwa hiyo wafu wa msimu wa baridi hungojea. Yule aliyetolewa ziwani tulimzika Mei, ubavuni mwa Reino, bila jina. Uso tuliuona sote wakati wa kufunika, na watu wa kwetu si wa kuuliza. Mchungaji alisoma upesi. Verna alisimama katikati, jeneza upande mmoja, mwanawe upande wa pili, na alikuwa amemshika mkono mwanawe kwa nguvu za kuvunja mifupa. Hajafuta jina lolote mpaka leo.

Kalle mwenyewe ndiye aliyeomba kushusha. Mimi nilishika kamba ya miguuni, yeye ya kichwani. Jua lilikuwa kali, tumevua makoti. Jeneza lilipotua, aliachia kamba yake na kwenda kwa mama yake, nami nikaikusanya.

Pale mikono yake ilipokuwa imeshika, kamba ilikuwa imeganda barafu.