Mtungi wa Kila Wiki Mbili

Fundi saa alikutwa amelala kifudifudi kando ya meza yake, kiberiti bado kimo mkononi. Chumba chake kilikuwa nusu ardhini, ngazi tano chini ya ua. Mlipuko ulikuwa umeng'oa mlango na kutawanya saa za wateja sakafuni, nyingine bado zikitembea. Daktari wa polisi alimfunika shuka, akasema amekufa papo hapo, saa nane mchana.

Inspekta alitafuta jiko la gesi mle ndani. Halikuwepo. Marehemu alikuwa na jiko la mafuta ya taa, kikombe kimoja, na chupa mbili za dawa ya mafua.

"Gesi imetoka wapi basi?" aliuliza.

"Juu, Afande," koplo alijibu. "Kwa mama mwenye nyumba. Muuza gesi alimletea mtungi leo saa nne asubuhi. Tumeshamkamata. Alijaza kupita kiasi, valvu ya usalama ikatema, gesi ikateremka huku. Ni nzito kuliko hewa, inatafuta shimo kama maji. Mkuu wa kituo anataka afunguliwe mashtaka ya kuua bila kukusudia leo hii, kabla ya saa kumi na mbili jioni."

"Mkuu ana haraka ya nini?"

"Waandishi wa habari wako getini."

"Ahaa. Ndiyo maana."

Muuza gesi alikuwa ndani ya gari la polisi, pingu mikononi, jasho linamtiririka. Mtaa mzima ulimwita Mizani, maana hakuwahi kumwachia mteja mtungi bila kuupima mbele yake, hata mteja awe na haraka ya namna gani.

"Ulijaza kilo ngapi?"

"Kumi na tatu, Afande, si zaidi. Mtungi haujazwi pomoni. Unaacha sehemu moja kati ya tano, gesi ipate pa kutanukia jua likipiga. Mke wangu yuko nyumbani na mtoto wa wiki tatu. Mimi wa kucheza na vitu hivyo?"

"Mama huyu ni mteja wako tangu lini?"

"Tangu mumewe afariki akabaki peke yake, mwaka wa pili huu. Lakini ananitatiza, Afande. Kila wiki mbili gesi imekwisha! Nikadhani mpira unavuja. Kila nikija naupaka povu la sabuni, nasubiri. Hakuna hata kiputo kimoja."

Inspekta alipiga hesabu kichwani. Yeye mwenyewe aliishi peke yake tangu mkewe aondoke, akila kasimama, sufuria mkononi, maana meza ya watu wanne ilimuumiza macho. Mtungi wake wa kilo sita ulimkalia miezi miwili. Wa kilo kumi na tatu ungemfikisha mwezi wa nne. Wiki mbili? Labda mama huyo alikuwa akilipikia jeshi!

Jikoni kwa mama vioo vya dirisha vilikuwa vimepasuka, lakini mtungi ulisimama mzima. Inspekta aliazima mizani ya kuning'iniza ya muuza gesi, wakaunyanyua yeye na koplo. Kilo kumi na saba. Shingoni mwa mtungi uzito wake mtupu ulikuwa umegongwa kwa muhuri: kumi na nne.

"Zimebaki tatu," alisema. "Kilo kumi zimekwenda ndani ya saa nne. Valvu ya usalama hutema kidogo, presha ikishuka inajifunga yenyewe. Kilo kumi haitemi ng'o. Mtu amefungua koki kwa mkono."

Mlango wa jikoni ulifunguka moja kwa moja uani. Kando ya tundu la hewa la chumba cha fundi, kitako cha mtungi kilikuwa kimeacha alama kwenye saruji, duara juu ya duara.

Mama alikuwa ameketi sebuleni, kiganja kimefungwa kitambaa.

"Mkono umefanya nini, mama?"

"Nimeungua na sufuria, mwanangu."

"Sufuria zako zote kavu, na jiko halijawashwa leo. Hebu nione."

Alifungua taratibu. Vidole vilikuwa vyeupe, vimejaa malengelenge.

"Hii si ya moto," Inspekta alisema. "Gesi ikitoka kwa kasi, koki huganda barafu. Uliishika kuifunga."

Mama alikifunga tena kitambaa. "Yule kijana mmemtia pingu?"

"Ndiyo. Akipatikana na hatia, atatoka amkute mtoto wake ameshakuwa mkubwa."

"Mfungueni. Ni mimi."

"Kwa nini, mama?"

"Mtungi ule kwangu unakaa miezi minne. Miezi minne, mwanangu! Alinishauri nichukue ule mdogo, nikakataa. Mdogo anaubeba kwa mkono mmoja, anauweka mlangoni, kwaheri. Huu mkubwa lazima auingize, aupime, afunge regulata na mpira wake, apake sabuni, asubiri povu. Nusu saa nzima. Na akisubiri huniuliza nimelalaje."

"Kwa hiyo ulikuwa ukiuburuta uani, ukiimwaga gesi."

"Kidogo kidogo. Leo hakukaa, mtoto wake ana homa. Alipima mbio mbio akaondoka. Nikaona wiki mbili siziwezi, nikaimwaga kwa mkupuo. Nikabakisha kidogo tu, ya chai atakaporudi kesho."

"Na fundi? Hakunusa siku zote hizo?"

"Alikuwa akinusa, anafungua mlango, anayatukana mabomba ya maji machafu. Leo, nadhani, mafua."

"Miaka mingapi ameishi hapo chini?"

"Sita. Hatukuwahi kuongea. Nilikuwa namsikia akikohoa tu." Akainua macho. "Ana watu wake?"

"Tumetafuta. Hatujapata hata mmoja."

Hapo ndipo mama alipolia, kwa sauti, bila kujifunika uso. Inspekta alitamani kumshika bega, akaona aibu, akamwagiza koplo akamfungue Mizani.

Inspekta alipomgeukia kumsomea haki zake, mama alikuwa ameacha kulia.

"Huko mahabusu mnalala wangapi chumba kimoja?"

"Wanawake? Kumi na wawili, mama. Pengine kumi na watano. Pamebanana, nisikudanganye."

"Wanaongea?"

"Hawanyamazi hata ukiwaomba."

Mama alijifuta machozi kwa mkono mzima, akajitanda mtandio, akasimama kabla koplo hajafika kumsaidia.