Maziwa Kabla ya Mwendo

Je, umewahi kuona shindano ambalo mtu akikimbia, ameshindwa? Lipo. Ni mchezo wa kutembea kwa kasi. Wakati wote mguu mmoja lazima uwe chini, na goti la mguu unaotangulia linyooke unapokanyaga. Ukirukaruka, mwamuzi anakuandikia kadi nyekundu. Kadi tatu, unatolewa.

Watu wengi wa Nyakatuntu, wilayani Kyerwa, hawakuujua mchezo huo mpaka Nabasa, msichana wa darasa la sita, alipoanza kuufanyia mazoezi barabarani. Kila asubuhi alisaidia kukamua ng'ombe, akafagia zizi, akanawa miguu, kisha akashika njia ya shule. Mikono ilipiga mbele na nyuma, kiuno kikiyumba kushoto na kulia.

"Mpisheni bata!" wavulana walipiga kelele.

"Nabasa," aliuliza Jovitus siku moja, "ng'ombe wamekutoroka, au choo kiko mbali?"

Nabasa aliendelea kupiga hatua. Alitaka kitu kimoja tu: kwenda Bukoba kuiwakilisha wilaya kwenye mashindano ya mkoa. Nafasi zilikuwa mbili. Mshindi wa Jumamosi ya kwanza, katika uwanja wa Bugomora, angechukua moja. Waliobaki wangegombea ya pili Jumamosi iliyofuata.

Jumamosi ya kwanza, Bibi Komujuni, aliyemlea tangu akiwa mdogo, alimngoja mlangoni na kibuyu cha maziwa ya mgando. Katika nyumba za wafugaji wa huko, msafiri haondoki bila kunywa maziwa ya kwao. Kuyakataa ni kama kumkataa aliyekupa. Kuyamwaga ndiyo mwiko kabisa.

"Kunywa, mjukuu wangu. Usiniachie hata tone, safari iwe njema."

Nabasa akanywa mpaka kibuyu kikawa chepesi.

Mizunguko mitatu ya uwanja ilikwenda vizuri. Wa nne, maziwa yakaanza kucheza tumboni. Wa tano, kichomi kikamshika ubavuni. Wa saba, akainama kando ya mstari, upande ambao Mwalimu hakuweza kumwona, akatapika. Alimaliza mizunguko yote kumi, lakini nyuma yake alikuwapo mtoto mmoja tu.

"Umekula nini asubuhi?" aliuliza Mwalimu Mutalemwa, aliyekuwa akiwafundisha.

"Sijala kitu, Mwalimu." Aliona haya kumtaja Bibi mbele za watu.

"Ndiyo maana! Mtu hatembei na njaa. Wiki ijayo ule ushibe."

Nyumbani nako Bibi akauliza, "Umeshindwa na nini?"

"Nguvu ziliniishia, Bibi."

"Basi kile kibuyu kilikuwa kidogo. Jumamosi nitakupa kile kikubwa."

Nabasa aliona amejifunga kamba kwa mikono yake mwenyewe. Wiki nzima alijaribu kusema. Jumatatu walipokuwa wakimenya ndizi, alifungua kinywa, akakifumba. Alhamisi alisema, "Bibi..." Bibi akaitikia, "Naam?" na yeye akauliza kama chumvi ingalipo.

Jumamosi ikafika, na kibuyu kikubwa kikatoka. Kilikuwa kimejaa hadi shingoni, kimefunikwa kwa kifuniko kilichosukwa kwa nyasi laini.

"Nitakunywa njiani, Bibi," alisema Nabasa bila kumtazama.

Njiani alisimama penye kichaka. Hapakuwa na mtu. Aliondoa kifuniko, akainamisha kibuyu kidogo, lakini mkono ukakataa. Maziwa ya Bibi! Akafunika tena, akabeba mzigo wake mpaka uwanjani na kumkabidhi rafiki yake Dusabe.

"Nishikie. Usimwage, usinywe, usiulize."

"Hata kuuliza?"

"Hata kuuliza."

Filimbi ikalia. Leo tumbo lilikuwa jepesi, miguu ikaitika. Lakini mbele yake alikuwa Sperancia, msichana mrefu wa Bugomora, na katika kumfukuza Nabasa akasahau ardhi. Mzunguko wa tatu, kadi nyekundu ya kwanza ikawekwa kwenye ubao wenye jina lake. Wa saba, ya pili. Bado moja atolewe.

"Ardhi, Nabasa! Ardhi!" alipaza sauti Mwalimu Mutalemwa.

Nabasa akafupisha hatua. Kila msuli ulitaka kukimbia, naye akaukatalia. Mzunguko wa mwisho, kwenye kona, alimfikia Sperancia, wakaenda bega kwa bega. Mwamuzi akainama kuitazama miguu yao. Mkono wake ukaenda mfukoni. Nabasa aliuona, akauma mdomo, akakanyaga, akakanyaga. Mkono ukatoka mtupu. Alivuka mstari akiwa mbele kwa hatua moja.

Wenzake walimkumbatia. Hata Jovitus alipiga makofi. Mwalimu akaleta fomu ya ruhusa. "Bado saini ya mlezi tu," alisema.

"Mlezi yuko hapa," ilisikika sauti.

Bibi Komujuni alikuwa amekuja kwa bodaboda kumtazama mjukuu wake. Alisimama karibu na Dusabe, mikononi ameshika kibuyu. Akakitikisa. Kilikuwa kizito.

"Maziwa yangu yamekukosea nini?"

Watu wote wakamgeukia Nabasa.

"Shikamoo, mama," Mwalimu alianza.

"Marahaba. Mwalimu, ngoja kwanza. Mtoto aliyekataa maziwa ya kwao atasafiri na baraka ya nani? Bukoba haendi."

Nabasa akapiga magoti. Machozi yalimtoka, lakini safari hii kinywa hakikufumbwa.

"Bibi, sikuyakataa. Jumamosi ile nilikunywa, yakanisokota, nikatapika. Nilimwambia Mwalimu sikula. Wewe nilikwambia nguvu ziliniisha. Niliwadanganya wote wawili, nilikuwa naogopa."

Mwalimu alishika kichwa. "Kumbe! Nami nilimwambia ashibe! Mama, maziwa ni mazuri sana. Lakini tumbo likijaa, miguu nayo ikafanya kazi ngumu, vinagombana. Chakula kiwe chepesi, saa tatu kabla ya kushindana. Ndizi mbili zinatosha."

Bibi alipapasa kifuniko cha nyasi.

"Kwa hiyo mwalimu na mimi tulikuwa tunautibu uongo," alisema. "Yeye anaongeza chakula, mimi naongeza kibuyu, na mtoto anaumia. Nabasa, nisikilize. Heshima si kuficha maumivu. Ukinificha, nitakupenda kama mtu anayetembea amefumba macho, na upendo wangu utakukanyaga. Mkubwa naye hajui yote. Sema kwa adabu, lakini sema."

Akachukua kalamu, akaandika jina lake kwenye fomu, herufi moja moja, bila haraka.

"Haya, simama. Sasa niambie kwa kinywa chako. Ulitaka nini?"

Nabasa akafuta macho.

"Nilitaka uniwekee, Bibi. Nitembee kwanza, halafu ninywe nikisharudi kwako."