Jina la Kaka Yangu Halikuwa Kwenye Orodha

Nilimtemea kaka yangu mate usoni.

Asubuhi kweupe, kwenye geti la kiwanda, Hayes, London, Novemba 1973. Mvua inanyesha, watu kumi wamesimama nyuma yangu wanatazama...

"Msaliti! Kibaraka wa bosi! Kuanzia leo mimi sina kaka!"

Akatoa kitambaa mfukoni, akajifuta shavu, akaingia kazini.

Sisi kumi na mmoja tulikuwa tumefukuzwa. Yeye peke yake alibaki.

Ndugu zangu wa group hili, mmenizoea. Mzee Kishor wa maneno makali, kila Jumapili nawararua mabosi na mawaziri, na nyinyi mnaniwekea vidole gumba. Leo someni mpaka mwisho kabla hamjaniwekea chochote.

Mimi ni Mhindi wa Kisumu. Baba alipofariki nilikuwa na miaka tisa, kaka yangu Chaman kumi na saba. Aliacha shule, akasimama dukani, ili mimi niende shule. Motabhai, ndivyo nilivyomwita. Kaka mkubwa.

Mwaka 1968 tukanyimwa leseni ya duka kwa sababu pasipoti zetu zilikuwa za Uingereza. Tukapanda ndege. London tukapata chumba kimoja Queensbury: mimi, Chaman na mke wake, pazia katikati.

Na kazi? Hayes, jiko la chakula cha ndege. Unasimama kwenye mkanda kutwa, trei zinapita, unaweka kipande cha nyama, trei inayofuata, kipande cha nyama. Sisi Wahindu tusiokula nyama, tunashika ng'ombe kuanzia asubuhi hadi jioni! Chaman alikuwa akifika nyumbani ananawa mikono mpaka inachubuka.

Lakini kilichotumaliza ni choo.

Wazungu walikwenda wakitaka. Sisi? Tulinyoosha mkono kama watoto wa chekechea tupewe kadi nyekundu. Kadi moja kwa mstari mzima. Dakika tatu. Siku moja mama mtu mzima, mwenye wajukuu, alijikojolea pale pale akingoja kadi. Na mkanda haukusimama!

Nikasema: basi.

Shida ilikuwa moja. Msimamizi wetu alitoka India, na alikuwa mtu wa bosi kabisa. Kigujarati anasikia, Kipunjabi anasikia, Kihindi ndiyo usiseme. Ukinong'ona tu, habari imeshafika ofisini.

Hapo nikapata akili. Akili yangu mimi, wala si ya mtu mwingine.

"Tuongee Kiswahili!"

Wote kumi na wawili tulitoka Afrika Mashariki. Alnashir wa Dar, Vijay wa Kampala, Mgoa wa Mombasa, Singasinga wa Nakuru. Nyumbani kila mmoja na lugha yake, lakini Kiswahili cha sokoni tulikuwa nacho sote. Tukajisikia wajanja jamani! London nzima, nani atatuelewa?

Jumanne, saa ya chai, tukajaza meza moja kantini.

"Ijumaa saa nne," nikasema, "ndege za Amerika zinangoja chakula. Nikivua glavu, kila mtu avue. Mkanda usimame mpaka ile kadi ichanwe mbele yetu."

"Kishor, punguza sauti," Chaman akasema.

"Nani asikie? Huyu?"

Nilimwonyesha kwa kidevu. James, meneja wa wafanyakazi, Mzungu wa shingo nyekundu. Alikuwa anakaa meza ya jirani kila siku na gazeti lake na sandwichi yake.

Alnashir, mtu wa mizaha, akamgeukia na tabasamu pana.

"Mzee, kula polepole! Hilo tumbo litazaa mapacha!"

James akainamisha kichwa kwa adabu. "Thank you," akasema.

Tulicheka mpaka chai ikatutoka puani.

Kisha nikazunguka meza, mtu mmoja mmoja.

"Alnashir?"

"Ndiyo!"

"Vijay?"

"Nimo, bwana!"

Wote wakasema ndiyo. Ikabaki zamu ya kaka.

"Chaman?"

Akaitazama mikono yake. "Nipe mpaka kesho. Mke wangu ana mimba. Nizungumze naye kwanza."

Watu wakaguna.

Jioni ile ile, nyuma ya pazia letu, akatoa kichwa: "Kishor. Bhabhi, shemeji yako, amekubali. Nimo."

Nikamkumbatia. Lakini kumbukeni: niliyesikia hiyo "nimo" ni mimi peke yangu.

Alhamisi tulipofika kazini, geti limefungwa, mlinzi anachuja wa kuingia. Karatasi imebandikwa. Majina kumi na moja: hawa hawana kazi tena.

La Chaman halikuwepo.

"Aha!" Alnashir akanigeukia. "Nipe mpaka kesho, eh? Kumbe kesho yenyewe ya kwenda kwa bosi!"

Macho yote kwangu. Ningeweza kusema, "Hapana, kaka alikubali, mimi shahidi." Maneno hayo yalikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nilikuwa kiongozi, na kiongozi ana kaka aliyebaki kazini...

Ndipo nikamtemea mate.

Nilihamia Woolwich, upande mwingine wa London. Nikawa mwenyekiti wa kamati hii na ile, nikihutubia kumbi. Na hotuba yangu iliyopendwa kuliko zote mnaijua? Ile ya kaka aliyewauza wenzake. Kila nilipofika kwenye mate, ukumbi unasimama, makofi!

Chaman wakamkimbia. Hekaluni alikaa mstari peke yake. Binti yake alipozaliwa, hakuna aliyekwenda kumwona mtoto. Mwaka haukuisha, akahamia mji wa Leicester.

Miaka ishirini na moja.

Mwaka 1994 nilikuwa dereva wa basi dogo la kuwapeleka wazee kwenye kituo wanakoshinda mchana. Asubuhi moja namsikia mzee nyuma yangu anafoka:

"Wewe! Lete blanketi! Upesi!"

Nikashika breki.

Mhudumu wa wazee, Wambui wa Nyeri, akacheka. "Usishtuke, Mzee Kishor. Huyu alisimamia shamba Kitale miaka kumi na minane. Akikasirika anatuamrisha kwa Kiswahili, anafikiri bado tuko shambani kwake."

Nikageuka. Mashavu yamenywea, lakini shingo ile ile nyekundu.

James.

"Unanijua?" nikamuuliza.

Akaninyooshea kidole. "Wewe ile kijana ya maneno mingi."

"Nani alikuambia mpango wetu? Nani alikuletea majina?"

"Nani?" Akashangaa kweli. "Nyinyi! Nakaa meza karibu na mimi, nasema kelele. Mimi nasikia yote. Hata ile ya tumbo."

"Na Chaman? Kwa nini hukumwandika?"

"Yeye hapana sema ndiyo. Yeye nasema kesho." Akavuta blanketi. "Mimi naandika watu ya ndiyo tu."

Sikuweza kuendesha. Wambui aliwapigia simu kituoni walete dereva mwingine.

Tulidhani tulioondoka Afrika ni sisi tu! Wale waliotutawala nao walikuwa wamefunga mizigo, wakaja kukaa meza ya jirani, na Kiswahili chao mfukoni.

Kesho yake nikapanda treni kwenda Leicester. Chaman akafungua mlango mwenyewe. Nywele zote nyeupe. Nikaanguka miguuni pake, nikamweleza yote, mzee James, meza, blanketi...

"Inuka," akasema. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Jumatatu iliyofuata, baada ya nyinyi kufukuzwa. Nilikuwa kwenye mkanda, akapita nyuma yangu, akaniinamia sikioni: 'Chaman, mimba ya mama iko mzuri?' Kwa Kiswahili. Glavu ziliniponyoka."

"Motabhai! Kwa nini hukusema? Ningekuomba radhi siku hiyo hiyo! Ungewaambia Alnashir, Vijay, wote!"

"Niwaambie nini, Kishor? Nani alisema tuongee Kiswahili? Nani alichagua meza ile? Nilikwambia punguza sauti, ukasema nani asikie." Alisema taratibu, bila hasira. "Watu kumi wana watoto, wamekosa kazi katikati ya baridi. Walikuwa wanatafuta wa kumla. Wangejua, wangekula wewe. Nikaona mimi nimeshatemewa mate tayari. Acha wanile mimi."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sasa nawaambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Nilirudi Woolwich nikanyamaza. Hakuniomba ninyamaze. Niliogopa tu. Hotuba ile niliacha kuitoa, lakini kuifuta sikuifuta. Miaka thelathini nilikwenda Leicester kila Diwali, nakula chakula chake, na jina lake linaoza huku London.

Jumanne iliyopita tumemchoma moto marehemu kaka yangu, kama desturi yetu. Watu tisa tu.

Alnashir alikuja, kwenye kiti cha magurudumu. Akanivuta mkono: "Pole, Kishor. Damu ni damu, hata kama alikuwa mtu wa bosi."

Na mimi, mbele ya jeneza la kaka yangu, nikasema: "Asante kwa kuja."

Ndiyo maana naandika. Alnashir, najua mjukuu wako anakusomea posti zangu. Akusomee na hii, polepole:

Chaman alisema ndiyo. Aliyewaponza ni mimi. Mdomo wangu, meza yangu, ujanja wangu.

Na nyinyi vijana mnaopigana na mabosi leo kwenye maghala ya Hayes, piganeni, msiache! Lakini siku mkishindwa, msikimbilie kumnyooshea kidole aliyechelewa kusema ndiyo. Anzeni na aliyekuwa anaongea kwa sauti kubwa kuliko wote.

Msiniwekee vidole gumba. Andikeni jina lake hapo chini.

Chaman.