Saa ya Shangazi Edvina

Jumapili moja nilikuwa nimekaa jikoni namenya ndizi za mchana nilipoona namba za saa niliyovaa mkononi zinapanda. Sikuwa nimeinuka. Mkono ulikuwa unakwenda na kisu, na saa nayo inaongeza hatua kana kwamba natembea. Nilitazama mlangoni, nikaendelea kumenya.

Saa hiyo haikuwa yangu. Ilikuwa ya shangazi Edvina, aliyenichukua kwetu Muleba nije kusoma kwake Ijuganyondo. Mwanawe aliyeko Mwanza alimletea kwa ajili ya presha, ili ajue kila siku ametembea kiasi gani. Shangazi akaiona ina kazi nyingine. Akanifunga mimi mkononi.

"Sasa tutajua unakwenda wapi ukitumwa," alisema.

Kila asubuhi kabla ya shule nilikwenda chemchemi, kule bondeni. Nilishuka na ndoo tupu mkononi. Kupanda niliibeba kichwani, nimeishika kwa mikono miwili, maana njia ile ina utelezi. Shangazi mwenyewe alivaa saa siku moja, akaenda hadi chemchemi na kurudi mikono mitupu, akakariri hesabu yake. Kesho yake akasoma mkononi mwangu. Ilikuwa nusu.

"Nusu!" alipaza sauti, majirani wasikie. "Nusu ya njia kuna nini, Lilian?"

"Mfereji wa ng'ombe, mama," binti yake alijibu huku akicheka.

"Mawe!" shangazi alimaka kwa Kihaya. "Huyu anatunywesha maji ya ng'ombe!"

Akaimwaga ndoo yote miguuni pangu. Nikarudi chemchemi. Saa ikasema nusu tena, naye akaimwaga tena. Shuleni nilifika watu wameshaanza hesabu.

Ikawa hivyo wiki nzima. Nilikula nje peke yangu, na kikombe changu kikatengwa. Lilian akipita aliniuliza, "Wewe ndama, umeshiba?" Nilitaka kueleza nilichokiona jikoni, lakini kila nikimwona shangazi nilichukua ndoo nikaondoka. Ijumaa akaifungia sare yangu sandukuni.

"Jumatatu unarudi Muleba. Mimi sisomeshi mwongo."

Usiku ule sikulia. Niliwaza darasa la sita litakavyoendelea bila mimi.

Jumamosi Mwalimu Kagaruki, anayetufundisha sayansi, alipita nyumbani.

"Nasikia Joviana anaondoka. Kuna nini?"

"Mwongo, waitu, mwalimu wetu," shangazi alijibu. " Mashine imesema."

"Na yeye amesema nini?"

Shangazi alicheka. "Huyo? Huyo hana mdomo."

Nilichukua kisu na ndizi, nikakaa mbele ya mwalimu. Nikamwonyesha namba kwanza, kisha nikaanza kumenya. Aliinama, akatazama hadi maganda yalipojaa chini. Akaisoma saa tena.

"Mama Lilian, mtoto huyu ametoka kutembea sasa hivi."

"Mwalimu, si amekaa hapo?"

"Saa inasema ametembea." Akaifungua mkononi mwangu, akamvisha shangazi, akamtwisha ndoo ya maji. "Shika kwa mikono yote miwili, uzunguke nyumba."

Shangazi alizunguka huku anahema, maji yakimchuruzika shingoni. Lilian alianza kucheka, akatazamwa, akakoma. Namba zilikuwa karibu palepale.

"Inahisi mkono unavyotikisika," mwalimu alisema. "Miguu haiioni. Mkono ukitulia kwenye ndoo, yenyewe inadhani umesimama. Ukimenya ndizi, inadhani uko safarini. Kifaa hiki kinakisia, mama. Ivae kwa ajili ya presha yako, lakini usimhukumu mtoto kwayo. Ukimshuku mtu, fuatana naye ukaone, na umsikilize kabla hujamwadhibu. Jumatatu nataka kumwona darasani."

Shangazi alikwenda ndani, akarudi na sare, akanitupia mapajani. Hakuniomba radhi. Shingo yake bado ilikuwa inadondosha maji.

"Na wewe ulijua muda wote huo!" alinifokea. "Kwa nini ulikaa kimya?"

Wote walinitazama, hata Lilian. Nilishika sare kwa nguvu.

"Kwa sababu nakuogopa, shangazi."