Tofali Nyuma ya Mlango

Kila asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijagongwa, Shakila na rafiki yake Hilda walifagia jengo la zamani. Baridi ya Songea mwezi wa saba haina mzaha, nao walishika mifagio huku wamevuta mikono ya sweta mpaka kwenye vidole. Wanafunzi wengi hawakuipenda zamu hiyo, kwa kuwa jengo lenyewe lilikuwa chini kabisa, upande wa bondeni, lina vyumba viwili tu na bati lililochakaa. Lakini mtu akitaka kujua shule hiyo ya sekondari ilivyokua, ilimbidi aanzie hapo na kupanda kilima. Juu kidogo ya vyumba viwili ilijengwa ofisi ya walimu, kisha maabara, kisha bweni la wasichana. Kileleni yalisimama madarasa mapya ya kidato cha tano na cha sita, na vioo vyake vilimetameta jua lilipochomoza.

Wiki hiyo jengo la zamani lilikuwa limevuliwa nguo, kama alivyosema Hilda. Shule ilikuwa inatimiza miaka thelathini, na mafundi walikuwa wamebandua lipu iliyopasuka ili wapige nyingine. Chini ya lipu yakatokea matofali ya kuchoma, na kwenye mengi kulikuwa na herufi: U.K., A.M., F.N.

"Hapa msipige lipu kwanza," Mwalimu Lidwina, aliyefundisha Historia, aliwaambia mafundi. Kisha akawaita wanafunzi wa kidato cha kwanza.

"Shule hii haikushuka kutoka mbinguni," aliwaambia. "Kila kaya ilitakiwa kufyatua matofali mia mbili. Waliyaandika herufi za majina yao yakiwa bado mabichi, ili wakati wa kuhesabu asitokee mjanja. Nendeni mkaulize nyumbani. Atakayepata tofali la babu au bibi yake, jina la mzee huyo litaandikwa kwenye ubao wa getini, na mwanafunzi mwenyewe atawaongoza wageni siku ya sherehe."

Jioni Shakila alimkuta bibi yake, Bibi Zabibu, amekaa kibarazani na ungo wa maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Njoo unisaidie kuchagua, macho yangu yamegoma."

Shakila akaketi. "Bibi, ulifyatua matofali mangapi ya shule yetu?"

"Mimi? Hata moja. Marehemu babu yako alikuwa Nalasi, kwenye mikorosho ya baba yake. Hapa nilibaki na mama yako, ana miaka minne. Mimi nilichota maji tu."

"Maji tu?"

"Maji tu. Kutoka bondeni, asubuhi na jioni, mpaka tanuri likawashwa. Mama yako ananifuata nyuma na kikopo chake. Akifika juu, kimebaki tone." Bibi alicheka peke yake. Shakila hakucheka. Maji hayaandikwi herufi.

Kesho yake Urbani, kijana wa dawati la nyuma, alikuwa ameshapata matofali matatu ya babu yake aliyemrithi jina. Aliyagonga kwa kidole, moja moja, kama anayehesabu mbuzi zizini.

"Shakila, la kwenu liko wapi?"

"Bado natafuta."

"Katafute Nalasi. Ninyi mlikuja na korosho mfukoni, shule mkaikuta imesimama."

Wenzake wakacheka. Ulikuwa utani, na Urbani aliusahau kabla hajakaa. Lakini maneno yale yalimkaa Shakila kooni kama mwiba wa samaki.

Saa ya chakula cha mchana, wenzake walipokimbilia makande, yeye alibaki jengo la zamani. Mafundi walikuwa wameacha misumari sakafuni. Aliokota mmoja, akachagua tofali lisilo na kitu nyuma ya mlango, akaanza kuchonga Z.S., yaani Zabibu Swalehe. Tofali lilikuwa gumu. Msumari uliteleza mara mbili, ukamchuna kidole. Alipomaliza alipuliza vumbi, kisha akapaka uchafu wa sakafuni ili herufi zizeeke.

"Mwalimu, nimepata la bibi," alisema mchana huo.

Mwalimu Lidwina alifurahi. Hakutazama sana. Kabla ya kengele ya kutoka, jina la Zabibu Swalehe lilikuwa kwenye ubao wa getini, na Hilda alimkumbatia rafiki yake kama aliyeshinda mbio. Kisha mwalimu akampa Shakila bahasha.

"Mpelekee bibi. Siku ya sherehe kila mzee atasimama kando ya tofali lake, awaeleze wageni alivyolifyatua."

Hapo ndipo Shakila alipoona shimo alilojichimbia. Bibi alikuwa na tabia moja: ukimuuliza, anajibu kama ilivyo. Mbele ya wageni na shule nzima angesema, "Hili si langu." Ama, kwa kumsitiri mjukuu, angesema uongo uzeeni. Shakila hakujua lipi kati ya hayo mawili lilikuwa baya zaidi. Bahasha aliibana katikati ya madaftari, ikalala humo siku mbili. Kila jioni bibi aliuliza, "Habari za shule?" naye akajibu, "Nzuri."

Alhamisi akaja Mzee Pankrasi. Yeye ndiye aliyesimamia tanuri wakati ule, na mwalimu alimwita ayakague matofali kabla ya sherehe. Wanafunzi walimwamkia, wakamzunguka. Mzee hakuvaa miwani. Alisoma ukuta kwa vidole.

"Herufi ya kwenye udongo mbichi ina midomo," alisema. "Kijiti kikipita, udongo unasukumwa pembeni, unakauka hivyo hivyo, unaungua hivyo hivyo. Shikeni hapa."

Kila mmoja akashika U.K. Kweli, kingo zilikuwa zimeinuka, laini.

"Na ndani ya mchoro, rangi ni ile ile ya nje. Moto umepita kote."

Akaenda tofali kwa tofali, mpaka nyuma ya mlango. Akapitisha kidole kwenye Z.S. Akakitazama. Kilikuwa na unga mwekundu.

"Hili la nani?"

"La bibi yake Shakila, babu," Hilda alijibu kwa fahari.

"Bibi Zabibu?" Mzee alikitazama tena kidole. "Namfahamu." Akajifuta kidole kwenye suruali, akasogea kwenye tofali linalofuata.

Shakila aliuona ule unga ukibaki kwenye suruali. Angeweza kunyamaza, na mambo yangekwisha. Mzee hangesema kitu, hilo alikuwa amelielewa. Lakini bibi je, Jumamosi, siku ya sherehe, amesimamishwa hapa?

"Babu, si lake," alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Nimelichonga mimi, juzi, kwa msumari."

Urbani alifungua mdomo. Mwalimu akamtazama, naye akaufunga.

"Kwa nini, Shakila?" mwalimu aliuliza.

"Bibi alichota maji tu. Nilitaka na sisi tuwemo."

Mzee Pankrasi akaketi kwenye kizingiti, taratibu, kama mtu aliyefika nyumbani.

"Maji tu? Nani kakwambia maji tu?"

"Bibi mwenyewe."

"Ndivyo alivyo huyo. Sikiliza. Mwaka ule mvua ziliisha mapema, udongo ulikuwa vumbi. Wanaume tulikuwa thelathini na zaidi tunafyatua, na wanawake watano ndio waliotuchotea, mwinuko huu wote wa kutoka bondeni, mnaouhemea ninyi na madaftari tu. Wao wakipumzika, na sisi kazi imelala. Matofali tuliyahesabu moja moja. Ndoo hakuna aliyezihesabu. Hilo ni kosa letu sisi. La msumari ni lako."

"Ndiyo, babu."

Mwalimu Lidwina alikuwa ameshatoa kalamu. "Majina ya hao watano unayakumbuka, mzee?"

Akayakumbuka manne. La tano likamkwepa. "Muulizeni Zabibu."

Jioni ile Shakila alimsomea bibi barua yote, kisha akamweleza habari ya msumari mpaka mwisho. Bibi aliendelea kutwanga karanga zake.

"Kwa hiyo uliniona sina kitu, ukaniazimia tofali la watu."

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusikia." Akaegemeza mchi ukutani. "Wa tano ni Anjelika. Alikuwa akiimba njia nzima, na sauti yenyewe hana. Andika."

Jumamosi wageni walijaa. Shakila hakuwaongoza wageni, hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake, pamoja na kulishusha jina getini kwa mkono wake mwenyewe. Lakini ubao ulikuwa umeongezewa sehemu mpya, Walioleta Maji, na majina matano chini yake. La Zabibu Swalehe lilirudi, safari hii mahali pake. Urbani alimletea bibi kiti bila kutumwa.

"Karibu, bibi. Korosho umeniletea?"

"Zimekwisha, mtani wangu. Leo nimekuja na maji."

Nyuma ya mlango, chini ya herufi Z.S., palibandikwa karatasi. Tofali la kuchoma halifutiki, mwalimu alikuwa amesema, kwa hiyo na ukweli uandikwe pale pale. Bibi akaomba asomewe. Shakila akasoma, na wageni wakisikia:

"Herufi hizi si za zamani. Nilizichonga mwaka huu kwa msumari. Bibi yangu hakufyatua tofali hili. Alichota maji ya kufyatulia. Shakila, kidato cha kwanza."

Mwalimu Lidwina aliwageukia wanafunzi wake. "Shule hii ilianza na vyumba viwili, na kesho mtaiongeza ninyi. Kazi aliyofanya mtu ni yake, hata iwe ndoo ya maji. Isemeni ilivyo, itatosha. Ukimpa mtu sifa ya uongo, unamnyang'anya ile yake ya kweli. Shakila alikosea, akasema mwenyewe kabla hajashikwa. Ndiyo maana leo tunayajua majina matano ambayo shule nzima hatukuyajua."

Bibi Zabibu aliweka kiganja ukutani, juu ya tofali moja lisilo na herufi, akakiacha hapo kwa muda.

"Na hili limekunywa maji yangu," alisema. Kisha akamshika Shakila mkono. "Haya, mke mwenzangu, nipandishe kilimani. Nataka nione hayo madarasa ya vioo. Siku zile tulikuwa tunaishia hapa."