Mbegu Iliyokunywa Chai

Mimi nilikuwepo. Nilikaa juu ya ukuta wa uani, naona kila kitu. Asiyeamini aende Muheza akaulize!

Mwajabu alikuwa na mbegu moja ya mkrismasi. Alitaka mti wa maua mekundu mbele ya nyumba. Mekundu mpaka jua lione wivu!

Akachimba shimo. Chimbu, chimbu! Akafukia mbegu. Akamwagia maji. Chwaa!

Asubuhi akainama, akaita:
"Mbegu, mbegu, amka! Kumekucha!"
Mbegu kimya. Kimyaaa!

Kaka yake, Shekue, alipanda punje ya hindi hapo kando. Siku ya tano, hindi likachomoza.
"Umeona langu?" akatamba. "Wewe Mwaja umepanda kokoto!"
"Si kokoto! Imelala tu."

Mwajabu akainama tena:
"Mbegu, mbegu, amka! Kumekucha!"
Mbegu kimya. Kimyaaa!

Akaifukua. Akaiuma. Kau! Ngumu hiyo! Kuku akaidonoa. Ko! Kuku akaondoka analalamika.

Mwajabu akaingia jikoni analia. Bibi yake alikuwa amejimiminia chai ya moto.
"Bibi, mbegu yangu haiamki!"
"Hebu niione."
Mwajabu akanyoosha mkono. Mbegu ikateleza.
Chubwi! Ndani ya kikombe.

"Chai yangu wee!" Bibi akalia.
"Mbegu yangu wee!" Mwajabu akalia. "Imeungua! Sina nyingine!"

Bibi akachungulia. Akafunika kikombe kwa kisahani.
"Nyamaza, mjukuu wangu. Ganda gumu huenda likalainika humo. Tuiache mpaka kesho."

Kesho yake mbegu ilikuwa imevimba. Imevimba kama shavu la Shekue likiwa na andazi!

Mwajabu akaipanda upya. Kila asubuhi akainama:
"Mbegu, mbegu, amka! Kumekucha!"

Siku ya nane, udongo ukapasuka. Pwa! Kichwa cha kijani kikatokeza.
"Imeamka! Imeamka!"

Shekue akaja mbio na kikombe.
"Mwaja, na hindi langu nilinyweshe chai?"
"Lako lilishaamka. Chai ni ya wenye usingizi."

"Bibi, maua lini?" Mwajabu akauliza.
"Ukifika darasa la sita."
"Haya. Nitasubiri nimekaa."

Siku chache baadaye vijani vikachanua. Giza likaingia. Mwajabu akauaga mche wake:
"Lala salama."
Mche ukakunja vijani vyake, ukapiga mwayo. Aaaah! Mwajabu naye akaenda kulala.

Haya, huo mwayo nimeutia mimi. Lakini vijani vilijikunja kweli!