Wako Getini na Chupa

"Umerudi kitanda kile kile," Meerim alimwambia mpenzi wake. "Si wakuandikie jina kabisa."

Tilek akataka kucheka, kichwa kikamgonga. Dripu bado iko mkononi. Mimi, baba yake Meerim, nilikuwa mlangoni nimeshika chupa ya supu ya kondoo.

"Nisamehe, mpenzi. Wenzangu waliniambia glasi moja tu."

"Mara ya kwanza mlikuwa mnaosha simu. Safari hii mmeosha nini?"

"Tulikuwa tunaosha kutoka kwangu hospitali."

Kwetu Kirgizia kitu kipya lazima kioshwe kwa vodka, la sivyo hakidumu. Simu, kazi, ng'ombe. Siku hizi vijana wanaosha hata ruhusa ya hospitali, kisha wanarudishwa wodini wamebebwa. Wanatundikiwa dripu, asubuhi wanafunguliwa mlango, hakuna daktari anayeuliza mbona huyu karudi. Watauliza nini? Gari jipya la wagonjwa lilipoletwa, mganga mkuu na wenzake waliliosha, dereva naye akaosha, huku mke wangu nyumbani kashika tumbo anasubiri kubebwa. Nilimzika. Mganga mkuu alipandishwa cheo.

"Jumamosi mama anakuja kukuvika hereni," Tilek alisema kwa sauti ndogo. Mama mkwe akishakuvika hereni, uchumba umefungwa.

"Asije."

"Meerim..."

"Mama nilimzika kwa sababu ya kuosha. Mume sitamzika. Leo ukitoka hapa ukanywa nao, hereni mama yako avae mwenyewe."

Alikuwa anamfuta jasho huku anamwambia hayo, taratibu, mpaka nyuma ya masikio. Nikaingia, nikaifungua chupa ya supu.

Mchana tuko nyumbani, ujumbe ukaingia kwenye simu ya Meerim. Ni Kubat, rafiki mkubwa wa Tilek: "Shemeji, tuko getini hospitali tunamsubiri bwana harusi. Kuku yupo, chupa zipo. Njoo tumuoshe."

Meerim akausoma kwa sauti, akaigeuza simu kifudifudi, akarudi kukanda unga. Ule unga ulikuwa umeshakandika zamani.

Mlango ukagongwa. Nikafungua. Tilek, ndala za wodini miguuni, matope mpaka magotini.

"Asalaam aleikum, baba."

"Waaleikum salaam. Umeruhusiwa au umetoroka?"

"Nimeruhusiwa, baba. Ila wako getini na chupa. Nimepitia jikoni, nikaruka ukuta wa nyuma. Wapishi wamenifukuza na mwiko."

"Viatu?"

"Anavyo Kubat, tangu waliponibeba."

Meerim akatokea, mikono imejaa unga.

"Si ungewaambia hapana?"

"Nikiwaona siwezi. Wananipenda, Meerim, tabu iko hapo. Hapana imenishinda. Kukimbia naweza."

"Utakimbia mpaka lini?"

"Sijui. Leo nimekimbia."

Simu ikaita. Meerim akabonyeza spika kwa kiwiko.

"Shemeji, huyu mtu kayeyuka? Tunaganda huku."

"Yuko kwetu. Anakula."

"Basi tunakuja."

"Njooni na viatu vyake. Mkija na chupa, baba yuko mlangoni."

"Mzee ana nini tena?"

"Ana shoka. Alikuwa anapasua kuni."

Sikuwa na shoka wala kuni. Kubat akacheka, halafu tukasikia wenzake wanamuuliza kulikoni.

"Viatu tu, shemeji," akasema. "Mwambie... mwambie ale vizuri."

Nikamsogezea Tilek mkeka karibu na jiko, nikammiminia chai. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Meerim akaketi, akakishikilia naye kwa mikono yake ya unga mpaka Tilek akanywa.

"Na Jumamosi?" Tilek akauliza, hamtazami.

"Mwambie mama aje. Nitazivaa kavu."

"Wajomba watasema hereni zisizooshwa hazidumu."

"Zikivunjika," Meerim akasema, "tutazipeleka kwa sonara."